Programu za Taa Zikutane Kwenye Waya

Msimu wa sikukuu ukikaribia, swali la watu wanaopanga taa za nyumbani zicheze na muziki kwa kompyuta huwa ni lilelile: "Nyimbo zangu sita nimezipanga kwenye programu ya zamani, sasa nataka kuhamia mpya. Nitazihamishaje?" Nami jibu langu ni lilelile, na halijawahi kumfurahisha aliyeuliza: usizihamishe. Ziache huko zilikozaliwa, uhangaike na mahali zinapokutana na taa.

Najua linavyosikika. xLights, mojawapo ya programu za kupangia taa, ina mlango wa kuingiza kazi zilizotengenezwa kwenye programu nyingine kama Light-O-Rama au Vixen, na mlango huo unafanya kazi. Nimeupita mara kadhaa. Tatizo ni kwamba kinachoingia ni mifupa. Mti uliokuwa na matawi 16 unakuta mti mpya wenye nyuzi 32, na programu inakuuliza tawi la tatu liende wapi. Mwangaza ulioandikwa kwa asilimia, 0 hadi 100, unageuzwa kuwa 0 hadi 255, na ule ufifiaji ulioutengeneza kwa mkono usiku wa manane unatoka na sura nyingine kabisa. Wiki mbili baadaye umeupanga wimbo mzima upya huku ukijidanganya kwamba umeuhamisha. Kama unaupenda wimbo kiasi hicho, sawa, upange upya kwa moyo mweupe. Ila usiuite uhamisho.

Faili la mradi limebeba nia. "Kimbiza nyekundu kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde mbili" ni sentensi ambayo kila programu inaiandika kwa lahaja yake. Nia hiyo ikishuka kwenye waya inabaki namba tupu: chaneli ya 1, 255, chaneli ya 2, 0. Chaneli ni nafasi ya namba moja tu, inayosema taa iwake kwa kiasi gani. Waya haujui mti, haujui nyota, wala haujui nani aliyezipanga. Na kwenye waya watu walishakubaliana zamani. Mwaka 1986 taasisi ya USITT ya Marekani ilitoa kanuni ya DMX512 kwa ajili ya taa za jukwaani: chaneli 512 kwa laini moja, kila chaneli na thamani yake kati ya 0 na 255. Art-Net ya 1998, na E1.31 ya 2009 ambayo wengi tunaiita sACN, zilichukua fungu lilelile la chaneli 512 zikalipakia kwenye kebo ya mtandao. Fungu hilo ndilo tunaloliita yunivasi, jina kubwa kwa kitu kidogo. Pikseli 170 za rangi tatu, yaani vitaa vinavyoagizwa kimoja kimoja, kila rangi na chaneli yake, zinatosha kulijaza.

Na hiyo 170 ilishanitia adabu. Mara tatu ni 510, kwa hiyo zinabaki chaneli mbili. Programu niliyokuwa natumia ilikuwa inaziacha wazi hizo mbili na kuanza pikseli ya 171 kwenye yunivasi inayofuata. Kontrola, yaani kisanduku kinachopokea namba na kuwasha taa, nilikuwa nimeipanga kwa kufuata programu nyingine, na yenyewe ilihesabu hadi 512 bila kuruka kitu. Kwake pikseli ya 171 ilianzia chaneli ya 511, na rangi yake ya tatu ikaokotwa kwenye chaneli ya kwanza ya yunivasi ya pili. Nilikuwa na uzi wa pikseli 300 unaozunguka dirisha. Nikaagiza nyekundu. Pikseli 170 zikawaka nyekundu safi. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa uzi, bluu. Mpwa wangu aliyekuwa amenishikia ngazi akasema, "Mjomba, hii ya rangi mbili ni nzuri zaidi." Nilipoteza saa tatu nikibadilisha kebo, chanzo cha umeme, hata uzi wenyewe, kabla sijaketi na karatasi kupiga hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo, ingawa imeshaandikwa upya mara nyingi. Ina safu chache tu: kifaa, yunivasi, chaneli ya kuanzia, mpangilio wa rangi (maana kuna pikseli zinazosoma kijani kwanza), na kama tunahesabu 510 au 512. Programu mpya ikiingia, naipanga ifuate karatasi, sio karatasi iifuate programu. Chunga pia mahali pa kuanzia kuhesabu: sACN huanza na yunivasi ya 1, Art-Net huanza na 0. Ukichanganya hizo mbili, kila kitu kinawaka kwa jirani yake. Paa linacheza kazi ya dirisha, dirisha linacheza kazi ya mlango, na kwa mbali unaweza hata kudhani umefanya makusudi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na programu mbili hazitumi kwenye yunivasi moja. Wengi tunalijua hili na bado tunalifanya, kwa sababu programu ya pili huwa haionekani kama inatuma. Umeiacha wazi kwenye kompyuta ya chumbani, haichezi chochote, lakini kitufe cha kutoa mawimbi kimewashwa, kwa hiyo inatuma sifuri mara 40 kwa sekunde. Kontrola inapokea nyekundu, giza, nyekundu, giza, na taa zinapepesa kama zina homa. Mtu wa kwanza anayelaumiwa ni fundi wa umeme.

sACN ina dawa ya jambo hili, nayo naona haithaminiwi vya kutosha. Kila pakiti ya namba inayotumwa hubeba cheo, kati ya 0 na 200, na asiyepanga chochote anakuwa na 100. Ukiipa shoo 100 na mapambo ya usiku kucha 50, kontrola inayofuata kanuni itamsikiliza mwenye cheo cha juu. Akinyamaza kwa sekunde 2.5, inarudi kwa mwenzake. Bahati mbaya kuna kontrola za pikseli zisizojali cheo, zinazomfuata aliyesema mwisho. Soma mwongozo wake kabla ya kulitegemea hilo. WLED, programu inayokaa ndani ya kontrola ndogo za pikseli, inafanya jambo linalofanana kwa njia yake: inacheza madoido yake yenyewe, shoo ikianza kutuma kwa E1.31, Art-Net au DDP (njia nyingine ya mtandao) inanyamaza na kufuata, shoo ikikoma inangoja sekunde 2.5 (kama hujabadilisha) kisha inaendelea na yake. Huo ndio ushirikiano ninaoutaka mimi. Hakuna aliyesoma faili la mwenzake.

Usiku wa shoo yenyewe hakuna programu ya kupangia inayotuma kwangu. Kila moja inatoa faili la FSEQ, ambalo ni zile namba za waya zilizoandikwa fremu kwa fremu, yaani picha moja ya taa zote baada ya nyingine. xLights inalitoa, Vixen nayo inalitoa. Falcon Player, programu ya kuchezea shoo, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayacheza mafaili hayo kwa zamu, pamoja na sauti. Haijui wimbo upi ulitoka wapi. Ilimradi karatasi ilifuatwa, haina haja ya kujua.

Saa ndiyo hunipa kazi zaidi ya waya. Chukua wimbo wa mapigo 128 kwa dakika. Pigo moja ni milisekunde 468.75. Kama programu inafanya kazi kwa fremu za milisekunde 50, pigo hilo haliingii sawasawa. Ndani yake zinakaa fremu tisa kamili, yaani milisekunde 450. Nilitengeneza doido la pigo moja, likanipendeza, nikalinakili na kulibandika mara 32. Kila nakala ilikosa milisekunde 18.75, na baada ya sekunde 15 za muziki taa zilikuwa zimetangulia ngoma kwa sekunde 0.6 nzima. Nikailaumu programu niliyohamishia wimbo ule, nikaandika hata ujumbe mkali wa kulalamika. Kwa bahati sikuutuma.

Siku hizi alama za mapigo naziweka nje ya programu zote za taa, kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Nasikiliza, nagonga, natoa lebo. Kinachotoka ni maandishi matupu: mwanzo, mwisho, jina, mstari kwa mstari, sekunde zikiwa na desimali zake. xLights inayasoma, Vixen inayasoma, na mimi mwenyewe nayasoma kwa macho. Kila doido linafungwa kwenye alama yake, halifuati mkia wa lililotangulia, kwa hiyo kosa la fremu moja linafia palepale. Sauti nayo ni faili moja kwa programu zote. Mtu akipanga kwa nakala yenye ukimya wa nusu sekunde mwanzoni na mwingine kwa nakala isiyo nao, hakuna programu itakayowapatanisha.

Inabaki programu ya zamani isiyojua FSEQ. Hapa ndipo watu hurudi kwenye kuhamisha mradi, nami nasema tena: waya. Ilimradi inajua kutuma E1.31, kuna xCapture kwenye familia ya xLights, inayosikiliza mtandao na kuandika kila inachopokea kuwa FSEQ. Unacheza wimbo mara moja, unarekodi, umemaliza. Ugumu ni kujua rekodi imeanza wapi ikilinganishwa na sauti, kwa hiyo kwenye chaneli isiyo na taa yoyote naweka mweko wa fremu mbili pale sauti inapoanza. Nautafuta kwenye rekodi, nasogeza mpaka zilingane. Yale masanduku ya kuwashia taa ya Light-O-Rama ya chaneli 16, ambayo wengi wanayatupa wakihamia pikseli, nayo hayana kosa: xLights na Falcon Player zote zinaweza kuongea lugha yake kupitia adapta ya USB ya RS-485, aina ya waya wa mawasiliano. Yangu yanawasha nyuzi za kawaida hadi leo.

Njia hii ina hasara yake. Wimbo wangu wa kwanza kabisa upo kwa namna hiyo tu, rekodi ya namba. Kompyuta iliyokuwa na mradi wake ilikufa ikiwa imeubeba. Kwenye ubeti wa pili kuna tawi la mti linalochelewa nusu sekunde, kosa langu mwenyewe la siku zile. Kulirekebisha ni kufukua chaneli 16 fremu kwa fremu, na kila mwaka nasema nitafanya. Mpwa wangu, ambaye sasa ndiye anayepanda ngazi, ananiambia nisithubutu: yeye huwa anasimama chini akilisubiri.