Kalamu ya Amu: kubaki au kuvuka Mokowe

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka na kijana wa Amu, yaani mji wa Lamu, akawa amepata A ya Kiswahili, ushauri huwa umeshaiva: avuke hadi Mokowe, gati la upande wa bara, apande basi, akasomee uandishi wa habari Nairobi. Wazee pale Mkunguni watamsifia insha zake za tangu shule ya msingi, na mjomba atamtajia mtangazaji fulani wa runinga aliyetoka Pwani. Siku hizi wako pia vijana wanaoucheka ushauri huo. Wana simu, wana kurasa zenye wafuasi, na habari kubwa za nchi zinawafuata mlangoni. Waende Nairobi kutafuta nini, nayo Nairobi inakuja kutafuta kwao?

Kila upande una hoja yake. Ila wote wanaruka jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo huamua kama mtu ataishi kwa kalamu katika kaunti hii au ataitupa baada ya miaka miwili: ni nani atakayelipa nauli ya boti.

Wanaosema kijana abaki wana mengi ya kuonyesha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti nzima ya Lamu. Ni wachache, lakini angalia yaliyopita hapa. Machi 2012, Rais Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuja kuzindua mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi hizo jirani. Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni yaliyoua watu wengi. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira, NET, likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Mei 2021 gati la kwanza la bandari likafunguliwa. Katikati ya hayo kulikuwa na amri za kutotoka usiku, marufuku ya kuvua usiku, na mabasi yaliyosafiri kwa msafara wa askari.

Ripota anayetua uwanja wa Manda kwa ndege ya asubuhi na kuondoka kwa ya jioni hupata picha ya gati na maneno ya mgeni rasmi. Hapati zaidi, na si kwa uvivu. Kizingitini watu watamjibu kwa Kibajuni, Mpeketoni nyumba nyingi huzungumza Kikikuyu, na Basuba atawakuta Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, na hawana sababu ya kumwamini mtu wasiyemjua. Mwenyeji hawezi lugha zote hizo, lakini anajua amtafute nani.

Pia kuna suala la kumbukumbu. Kule Malindi, mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani mwaka 2017, miaka sita kabla ya makaburi ya wafuasi wake huko Shakahola kuanza kufukuliwa Aprili 2023 na miili zaidi ya 400 kutolewa. Jina lake lilikuwa kwenye majalada hapo hapo mjini. Ripota anayeishi karibu na mahakama, mwenye mazoea ya kurudi kuuliza kesi imefika wapi, hukusanya vitu ambavyo chumba cha habari cha Nairobi hukumbuka baada ya msiba. Hiyo si ahadi kwamba angeyazuia maafa yale. Polisi nao walikuwa na majalada hayo hayo.

Sasa upande wa pili, ambao vijana wa kurasa za mitandao hawapendi kuusikia. Ukaribu una bei. Katika mji wa Amu, mtu unayetaka kumwandika ni ami yako, au ndiye mwenye nyumba uliyopanga, au mnasali msikiti mmoja. Ukiandika kwamba zabuni ilitolewa kwa njia ya mkato, kesho utakutana naye kwenye kichochoro ambacho punda akipita mmoja itabidi nyote mbanane ukutani. Aliyeko Nairobi ataandika na kuzima simu.

Kuna na ufundi wenyewe. Kijana aliyesifiwa insha maisha yake yote huja na ugonjwa wa kuanza habari kwa methali, kisha sifa za mandhari, kisha, aya ya nne, ndipo tunaambiwa boti imezama. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kiswahili cha Pwani ni mali, sikatai, ila mali hiyo inamfanya mwandishi ahisi amemaliza kazi pale sentensi inapopendeza. Chumba cha habari kinachofanya kazi yake humvua tabia hiyo bila huruma. Mhariri anarudisha nakala: nani alisema hivi? Idadi hii umeitoa wapi? Umempigia anayelaumiwa? Umempigia mara ngapi? Mambo haya yanafundishwa darasani, ndiyo, lakini huingia kwenye mifupa pale tu mtu mwingine anaposhika kazi yako na kuikata nusu.

Na kuna wakili. Tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kashfa kama kosa la jinai, mwandishi hafungwi kwa kifungu kile. Kesi ya madai ingalipo, na anayejiona amechafuliwa ana miezi 12 ya kuifungua. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 nayo ilimwekea adhabu anayechapisha uongo akijua ni uongo. Mwajiriwa ana kampuni nyuma yake. Mwandishi wa kujitegemea ana daftari lake na sauti alizorekodi, na wengi huzifuta ili simu ipate nafasi. Nisingemshauri yeyote afute kabla ya mwaka kuisha tangu habari itoke. Afadhali afute picha za harusi.

Kwa hiyo aende akaajiriwe? Hapa hoja ya Nairobi inaanza kuchechemea. Mwaka 2016 Nation Media Group iliifunga QTV, runinga iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Machi 2025 Sauti ya Amerika, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilisikilizwa hadi vijijini kwetu, ilinyamazishwa kwa amri iliyotolewa Washington, na watu waliokuwa na ajira ambazo wengi wetu tungeziita za uhakika wakaambiwa wabaki nyumbani. Kuajiriwa bado ni kuzuri. Kupanga maisha yote juu ya ajira moja ya habari ndiko kumekuwa kamari.

Turudi kwenye boti. Mwandishi wa mashinani kwa kawaida hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari aliyoifuata. Akienda Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, na mhariri asiitumie habari yake, nauli, chakula na malazi ni hasara yake. Wakati wa kusi safari yenyewe inaweza kuahirishwa siku mbili akiwa amekwama Faza, kisiwani Pate. Kwa hiyo hesabu inamfundisha, bila yeye kujua, kuandika yale yanayofikika kwa miguu: hafla, warsha hotelini, hotuba, na mkutano wa waandishi ambao mwisho wake kila mmoja hupewa “nauli”. Au anasubiri boti ya shirika fulani, boti ya idara fulani, boti ya mwanasiasa. Wanampeleka, wanamlisha, wanamwonyesha kisima kipya. Kisima kilichokauka hakiko njiani.

Maadili ya uandishi wa habari yaliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanakataza zawadi na hongo. Ni maneno mazuri, lakini petroli haichomwi kwa maneno. Wapo wenzangu wanaosema kumkemea ripota wa Lamu kwa kuchukua “nauli” ni unafiki wa watu wenye mishahara, na siwezi kuwakatalia moja kwa moja. Ninachokataa ni kuifanya hali hiyo kuwa majaliwa. Inaweza kupangiwa.

Mpango wa kwanza ni kujifunza habari zisizohitaji boti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua kila kaunti, na Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka. Hukumu za mahakama za juu huwekwa mtandaoni bure na Kenya Law, na Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa Mkenya yeyote haki ya kuomba nyaraka kwa idara ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Akipuuzwa, anakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Haki hii haihitaji kadi ya ripota. Inahitaji barua iliyoandikwa vizuri, kutaja nyaraka kwa jina lake, na subira. Cha ajabu, huu ndio ustadi ambao wapenzi wa insha huudharau, wakisema ni kazi ya makarani.

Na hesabu ndogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa athari za bandari. Vichwa vya habari vilibeba bilioni. Ukigawa, ni kama Sh382,000 kwa kila mvuvi. Hapo ndipo maswali yanapoanza: pesa hizo ni nini kwa mwenye mashua na jarife zake, na ni nini kwa baharia anayesubiri fungu lake baada ya nahodha kutoa gharama? Nani aliingia kwenye orodha na nani aliachwa? Habari hizo zote zimo ndani ya mgawanyo ambao simu hufanya kwa sekunde moja, lakini lazima kwanza uone haja ya kugawa.

Mpango wa pili ni kuifanya safari moja izae mara kadhaa. Ukishalipia Kizingitini, rudi na habari fupi ya gazeti, sauti za redio, makala ndefu ya mwisho wa wiki, na picha. Wanunuzi wapo: Taifa Leo, Pwani FM, Radio Rahma, Radio Salaam na Baraka FM kule Mombasa, na idhaa za Kiswahili za BBC na DW. Wote hawalipi sawa, na wengine hawalipi haraka. Soma mkataba kabla ya kusaini: kampuni ikichukua haki zote za kazi yako, umeuza safari nzima kwa bei ya habari moja. Hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa, kwa sababu mkataba huja kwa Kiingereza kizito na kijana ana furaha ya jina lake kuchapishwa.

Kwa mwandishi mwanamke hesabu ya boti inabadilika kabisa. Kulala Faza bila mwenyeji anayejulikana nyumbani kwao si jambo dogo, na familia nyingi zitakataa. Lakini akiwa na mwenyeji, anaingia nyumba ambazo mwanamume hatavuka kizingiti chake, na huko ndiko zinakosimuliwa habari za mja mzito aliyepakiwa botini usiku kutafuta hospitali. Kwake yeye, kujenga udugu na familia mbili tatu visiwani ni maandalizi ya kikazi sawa na kununua kamera.

Mpango wa tatu ni pato la pembeni, na hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na wenzangu. Kufundisha, kutafsiri, kuandika manukuu ya video, kuhariri tasnifu za wanafunzi: hizo ni kazi zinazokaa vizuri kando ya uandishi. Kuandikia kitengo cha mawasiliano cha kaunti taarifa zake asubuhi, kisha jioni kuripoti kuhusu kaunti hiyo hiyo, hakukai. Kazi ya mawasiliano serikalini ni kazi halali na yenye mshahara. Anayeitaka aichukue kwa moyo mmoja. Shida ni kuvaa kofia zote mbili. Utetezi wa “hakuna anayejua” hauna maana katika mji ambao kila mtu anajua nani alikula nini jana.

Kuna jambo linalofanya yote haya kuwa ya haraka zaidi. Ripota aliyeishi kwa kupokea taarifa ya afisi fulani kwa WhatsApp, akaigeuza aya mbili na kuituma, sasa anashindana na programu za kompyuta zinazofanya hivyo bila kulala. Bei ya kazi hiyo itazidi kushuka. Programu hizo hazijawahi kukaa Kipungani zikisubiri maji yajae.

Kwa mizani yangu, anayeweza kwenda aende, lakini aende kutafuta mhariri mkali kuliko kutafuta cheti, na aondoke akijua ni mada gani atarudi kuiandikia: bahari, ardhi, afya, mahakama. Asiyeweza atafute ukali huo Mombasa, kwenye chumba cha habari cha redio, ambako sekunde 40 za habari zitamfunza kukata maneno kuliko mihula kadhaa ya darasani. Na yeyote arudiye, mazungumzo yake ya kwanza na mhariri yawe kuhusu pesa za safari: habari ikikubaliwa kabla, nauli itumwe kabla, ikikataliwa baada ya kazi kufanyika, alipwe sehemu. Wahariri wengi watacheka. Wachache watakubali, hasa wakishaona habari mbili tatu walizozikosa kwa kutomtuma mtu, na ombi hilo liandikwe kwenye barua pepe, si kwa simu, maana mhariri wa leo si lazima awe ndiye atakayeidhinisha malipo mwisho wa mwezi.