Lacock ilikuwa ya Ela kabla haijawa ya Talbot

Habari za Lacock Abbey, ile nyumba kubwa ya Wiltshire kule Uingereza, watu wanazianzia kwa Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, na negativu yake (ile picha ya kinyume inayotolewa nakala) ya 1835. Sawa, ile kazi ni kubwa sibishi, ila wanavyosimulia utadhani ardhi yenyewe ilianza na ukoo wake. Mi naona mwenye Lacock ni mwanamke anaitwa Ela, na inaniuma anavyopitwa kwa sentensi moja.

Ela ndo alikuwa mrithi wa Salisbury, cheo na mashamba vyote vya kwao, sio vya mume. Mume wake William Longespée, mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme Henry wa Pili, aliwahi kupotelea baharini akitoka vitani, na kabla hata haijajulikana kama kafa kweli, yule mkubwa wa serikali Hubert de Burgh akamtuma mpwa wake akapose, yaani wanaposa ardhi hao! Ela akamtimua. William akarudi, akafariki 1226, na Ela hakuolewa tena, akashika yeye mwenyewe usherifu wa Wiltshire, mambo ya kodi za mfalme na mahakama za jimbo, mwanamke, karne ya 13. Alafu 1232 akaanzisha nyumba ya masista kwenye ardhi yake ya Lacock, baadae akajiunga nao na akawa mama mkuu wao.

Masista wakakaa pale miaka 307. Mwaka 1535 Thomas Cromwell, waziri mkubwa wa mfalme Henry wa Nane, alimtuma mkaguzi John ap Rice kutafuta maovu na hakukuta la maana, ila haikusaidia kitu maana Henry wa Nane alikuwa anataka mali, basi Januari 1539 nyumba ikafungwa na mama mkuu Joan Temmse ikabidi aikabidhi. Mwaka uliofuata mtu wa karibu na serikali, William Sharington, akauziwa kwa pauni 783. Kanisa akalivunja, vyumba vya masista na zile baraza zao za mawe akavigeuza makazi yake.

Huyo Sharington ndo alikuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu Bristol, akawa anatengeneza sarafu pungufu, anachezea vitabu vya hesabu, na hela nyingine zikaenda kwa Thomas Seymour aliyekuwa anapanga njama dhidi ya serikali. 1549 wakakamatwa, Seymour akakatwa kichwa, Sharington akaungama akasamehewa, akalipa akarudishiwa mashamba, na 1552 akapewa usherifu wa Wiltshire, kiti kilekile cha Ela! Sasa niambieni masista ambao mkaguzi hakuwakuta na kosa walirudishiwa nini?

Sharington akafariki 1553 bila mtoto, mali ikaenda kwa ndugu yake Henry, na binti wa Henry, Olive, akaolewa na John Talbot. Hapo ndo jina la Talbot linaingia Lacock, na hata hapo linaingia kwa urithi wa mwanamke. Mwaka 1944 aliyeitoa nyumba na kijiji kwa National Trust, shirika la kutunza majumba ya kihistoria, ni mwanamke tena, Matilda Talbot. Kwahiyo anayeandika historia ya umiliki wa Lacock aanze na Ela, Sharington apewe aya yake na wizi wake utajwe kwa jina, na kamera isubiri zamu yake.