Ukinunua, Dai Risiti

Kabla hamjaendelea kucheka na ile stori iliyozunguka jana kwenye magrupu, eti nimemuuzia shangazi blenda mbovu: blenda haikuwa mbovu. Yule rafiki yangu aliyeisambaza hakuwepo, kasimuliwa na dada yake. Blenda ilisaga vizuri. Ingekuwa mbovu ningepona.

Mnajua nilivyowachosha na status zangu za dropushipingi. Huna duka, huna stoo, huna mtaji. Unatupia picha, mteja analipa, duka linamtumia mzigo moja kwa moja, cha juu ni chako. Kariakoo wanaita uwinga, ila ukiuita uwinga huwezi kuvalia shati jeupe na kurekodi video.

Nilianza na za China. Meli inakula mwezi na zaidi, na mteja wa Dodoma siku ya tano tu keshaanza kukuita tapeli. Nikahamia Kariakoo, maana huko mzigo ukipakiwa kwenye basi asubuhi, jioni uko stendi ya Nanenane, Dodoma.

Mteja wa kwanza, shangazi yangu wa Nkuhungu. Blenda, 90,000. Nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Shangazi, hapo mimi sipati kitu, nimeweka nauli ya basi tu." (Msinitazame hivyo.)

Jumamosi akaniita, kikoba chao kinakuja kuiona. Nikaingia na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" yangu ya kujiamini, nikapewa kiti cha mbele. Zabibu zikaoshwa, zikasagwa, nikamiminiwa glasi ya kwanza kama mgeni rasmi. Mama wanne walishasema wanataka. Kichwani nilikuwa nimeshanunua pikipiki.

"Waranti yake iko wapi?" akauliza mweka hazina.

Shangazi akazamisha mkono kwenye boksi, akatoa kijitabu cha maelekezo. Akakikung'uta. Kikadondoka kikaratasi chembamba, kimejikunja kama kipande cha ganda la mdalasini.

Mimi nilikuwa nimetia funda la juisi mdomoni.

"Oneni," shangazi akakiinua juu, uso umemng'aa. "Na risiti kaniwekea! Si mnasikia kila siku, ukinunua dai risiti? Mimi hata sijadai. Huyu kalelewa."

Wakapiga makofi. Nawaapia, walipiga makofi.

Akavaa miwani. Kile kikaratasi kilikuwa kinajikunja, akawa anakinyoosha kwa kidole gumba, taratibu, mstari kwa mstari. Akasoma jina la duka. Akasoma TIN, tarakimu zote. Akasoma tarehe. Nikaomba Mungu wino ufutike, si huwa unafutika? Ule ulikuwa mweusi tii.

"Blenda, moja." Kimya. "Kodi, elfu sita mia nne na sita, nukta saba nane." Akasogeza karatasi mbali na macho, akairudisha. "Jumla... arobaini na mbili elfu."

Juisi ikagoma kwenye koo. Haikwenda chini, haikurudi juu.

Mweka hazina akachomoa kikokotoo kwenye pochi. Tisini toa arobaini na mbili. "Arobaini na nane," akasema, kwa sauti ileile anayosomea wadaiwa.

Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikameza, nikasema, "Lakini nauli nililipa elfu tano."

Akabonyeza tena. "Basi arobaini na tatu."

Shangazi akavua miwani. "Baba," akaniita kwa upole, na mnajua shangazi akikuita baba kwa upole, "kumbe wewe hupati kitu?"

Nilirudisha 40,000 palepale kwa simu, na makato juu yangu. Wale wanne wakapiga namba ya duka iliyokuwa kwenye hiyohiyo risiti.

Kwa hiyo mnaoniuliza inboksi kama inalipa bado kwa anayeanza: inalipa. Juzi nimeona status ya shangazi, blenda 65,000, "tunaleta mpaka mlangoni". Na leo asubuhi kanitumia ujumbe: "Baba, maboksi sita yamefika Nanenane, kanichukulie. Na kumbuka, ukiuza toa risiti. Zitoe zote."