Tunaisema Dakar, Moroni tunaisahau

Kila mjadala wa faranga ya CFA, sarafu ya makoloni ya zamani ya Ufaransa Afrika Magharibi na ya Kati, unapozuka mitandaoni, miji inayotajwa ni ileile: Dakar, Abidjan, Bamako. Moroni, mji mkuu wa Komoro, hakuna anayeikumbuka. Komoro ni jirani zetu wa baharini, ndugu zetu wa damu na dini, na faranga yao imefungwa kwa Ufaransa vilevile.

Habari hii ni ya kale. Mwaka 1308 Hijria, yaani 1890 hivi, Sultani Said Ali wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, alitoa sarafu zenye maandishi ya Kiarabu. Zilipigwa Paris, na ile kubwa ya fedha ilikuwa ya faranga 5. Uhuru ulipokuja Julai 1975, bendera ilibadilika, faranga ikabaki. Madagaska, ambao zamani walikuwa na benki moja ya noti pamoja na Komoro, walikwisha kujitoa mwaka 1973. Komoro wao walitia saini mkataba na Ufaransa mwaka 1979: thamani isiyobadilika, Hazina ya Ufaransa kuwa mdhamini, na asilimia 65 ya akiba ya fedha za kigeni kuwekwa huko.

Bei ya mkataba huo ilionekana Januari 1994. Katika kikao cha Dakar, faranga ya CFA ilishushwa kutoka 50 kwa moja ya Ufaransa hadi 100. Komoro walishushwa hadi 75. Kwa visiwa vinavyokula mchele wa kuagiza, bidhaa iliyogharimu 50 jana ikataka 75 leo.

Hata hivyo siungani na wanaotaka kamba ikatwe kesho asubuhi. Wakomoro wengi wako Marseille na miji mingine ya Ufaransa, na wanachotuma nyumbani ni euro, iliyochukua nafasi ya faranga ya Ufaransa. Mama wa Moroni akitumiwa euro 100 anajua atapata faranga 49,000 na ushei, mwaka huu na mwakani. Sisi wa shilingi hatuna uhakika huo. Faranga ya Kongo nayo haijafungwa popote, lakini Kinshasa na Lubumbashi kodi ya nyumba inahesabiwa kwa dola. Uhuru wa sarafu peke yake haushibishi mtu.

Anayeumia ni mkulima. Karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi vinauzwa nje, na soko la dunia hupenda kuhesabu kwa dola. Euro ikipanda, faranga inapanda nayo, na dola zilezile zinamletea faranga chache. Djibouti walifungwa kwenye dola tangu 1949, wakiwa bado koloni la Ufaransa! Kwa hiyo wasituambie kwamba njia ilikuwa moja tu.

Ninachokipinga mimi ni akiba kufungiwa Paris na Ufaransa kuwa na viti kwenye bodi ya Benki Kuu ya Komoro. Desemba 2019, Rais Ouattara wa Ivory Coast na Rais Macron wa Ufaransa walitangaza pale Abidjan kwamba nchi 8 za Afrika Magharibi zingeachiwa akiba zao na Wafaransa wangetoka kwenye vyombo vya uamuzi, huku kiwango cha euro na udhamini vikibaki. Komoro hawakuwamo. Wanaweza kudai hayohayo bila kugusa hata senti ya ile 491.96775 yao kwa euro moja.