Stempu ya nne

Najua wengi mmeshaiona ile picha kwenye status ya shosti wangu. Haya, tulieni niwape yenyewe kabla haijaingia grupu la ukoo.

Tangazo la kazi lilitaka barua ya posta. Zama hizi! Nikashuka mjini na shosti, nikanunua stempu 4 za mia tano, za twiga. Joto la Dar mnalijua. Nalamba, nabandika, nafuta jasho. Moja, mbili, tatu... ya nne haipo.

Nikarudi dirishani nimefura. "Mama, nimelipia nne, umenipa tatu!" Yule mama akanitazama usoni, kimya, kama anasoma anwani. "Angalia vizuri, mwanangu. Haiko mbali." Nikaumwaga mkoba wote pale kaunta. Foleni nzima ikashikwa na kikohozi. (Mnaocheka, subirini kwanza.) Nikanunua nyingine, nikabandika, nikatumbukiza, na neno nikaliacha: ndiyo maana watu wamehamia WhatsApp.

Tukakata Samora. Pale Sanamu ya Askari muuza kahawa akagonga vikombe vyake: "Binti, unatumwa mbali?"

"Kigamboni tu, mzee."

Wazee kwenye benchi kashata zikawapalia. Mie najua nimependeza. Kufika Posta ya Zamani, shosti akanisimamisha mbele ya lile jengo la Mjerumani, akanipiga picha 11. Mtu ambaye hajawahi kunipiga hata moja isiyo na ukungu! Nami nikampa shavu. Lile lile.

Tukavuka na pantoni, tukapanda daladala ya Kibada. Sasa hapo. Konda akaja anachezesha sarafu. Akaninyooshea kiganja. Akasita. Akainama mpaka nikasikia harufu ya karanga alizotafuna, akasoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Tan-za-ni-a... mia tano." Akanyanyuka. Gari zima kimya, hata mtoto aliyekuwa analia aliacha.

"Dada, hii mia tano haikufikishi Kibada. Nauli mia sita. Ongeza mia."

Mkono ukapanda wenyewe shavuni. Twiga huyu hapa.

Nikashuka kituo kisicho changu, nikamalizia kwa miguu. Shosti nilimbloku siku 2, nikamfungulia maana ana chaja yangu.

Stempu bado ina gundi. Nafikiria kumwandikia yule mama wa dirishani, ila barua akaipeleke shosti.