Mikono Nayo Hutenguka Udhu

Mama mdogo alilazwa siku ya kumi tangu atundikiwe dripu ya saratani. Dripu aliipata Mwanza, homa ikamkuta nyumbani Kigoma. Kipimajoto kilisoma 38.4 na daktari hakungoja majibu ya maabara, akamwanzishia antibaiotiki za mshipa usiku uleule. Alituambia dawa za ile dripu zikiua saratani zinashusha pia chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, na huwa chache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Mafua ya kumaliza kwa tangawizi na limau, kwake yanaweza kuwa nimonia.

Kesho yake jioni Ujiji nzima ikahamia wodini. Nilihesabu watu wanane, hotpoti za ugali na migebuka ziko sakafuni, shangazi kakaa kitandani miguuni pa mgonjwa, na katoto ka miaka kama sita kanapangusa kamasi kwa kiganja kisha kanashika chuma cha kitanda. Nesi akaomba, kwa adabu kabisa, watu wanawe na wabaki wawili. Shangazi akaona ametukanwa.

"Mwanangu, sisi si wachafu. Tumetoka kuswali alasiri, udhu ninao mpaka sasa."

Nikanyamaza, na jibu ninalo mdomoni. Shangazi anajua kuliko mimi kwamba udhu hutenguka. Mikono nayo hutenguka. Tangu aswali ilikuwa imeshika chuma cha daladala, noti za nauli na kitasa cha mlango wa wodi. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, kitakasa mikono 20 hadi 30, na hesabu inaanza upya pale mlangoni.

Niwe mkweli: homa nyingi za wagonjwa wa aina hii huletwa na bakteria wao wenyewe, wa utumboni na kwenye ngozi. Simsingizii yule mtoto. Ila bakteria hao hawapiti getini, mafua na tetekuwanga hupita. Tena tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, kwa hiyo "mbona mzima huyu" haitoshi. Na kitanda cha pili alilala binti mwenye selimundu, ugonjwa unaoharibu bandama mapema na kumwacha mtu bila kinga ya kutosha.

Wanaotaka geti lifungwe kabisa siwaungi mkono. Huku kwetu ndugu ndiye anayelisha, anayeogesha na kukimbilia duka la dawa usiku. Ninachokataa ni kumbebesha nesi ugomvi wa ukoo wetu. Yeye akimwambia shangazi atoke, ni matusi. Nikimwambia mimi, baada ya shikamoo na kikapu nikiwa nimekipokea, ni mazungumzo. Kila familia iweke mtu wake mlangoni, mwenye ulimi mtamu, na anayekohoa asivuke hapo.

Siku ya tatu akaja mjomba, mafua yamembana. Nilimwahi nje. Hakununa, akazunguka hadi dirishani na kupaza sauti kupitia wavu wa mbu. Wodi nzima ikapata bei ya dagaa Kibirizi siku ile, na nani kadaiwa na nani. Mama mdogo alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.