Hiyo pci=noaer yenu imenichosha

Binamu yangu alikuja Jumapili na laptopu ndani ya mfuko wa kitenge, akaiweka mezani hata hatujasalimiana. "Kaka, imekula hesabu za kikundi." Kikundi chenyewe ni vicoba ya kina mama wa mtaani kwake Mbagala, yeye ndiye mweka hazina, na humo mlikuwa na marejesho ya miezi mitatu. Alifunga kifuniko akaenda kukinga maji, akarudi, akafungua, kioo kikawaka vizuri tu. Akaandika kama dakika moja hivi, kisha kila akihifadhi inagoma. Akashikilia kitufe mpaka ikazima. Kuiwasha tena, faili halifunguki.

Kabla ya kitu kingine chochote nikasoma /proc/cmdline, faili linaloonyesha kerneli (moyo wa Linux) imewashwa kwa maagizo gani, kwa sababu nawajua watu wangu. Nikakuta: quiet splash pci=noaer.

"Hii kaweka nani?"

"Fundi. Diski ilikuwa inajaa yenyewe, akaitengeneza kwa elfu ishirini."

Akaitengeneza!

Mnaojua mchezo huu mmeshaona kilichotokea. Logi, daftari la matukio la mfumo, ilikuwa inafurika mistari ya "PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer" (PCIe ndiyo njia inayounganisha SSD na ubao mama), maelfu kwa maelfu, mpaka kern.log ikaimeza diski nzima. Fundi akatafuta mstari huo mtandaoni, jibu la kwanza likamwambia weka pci=noaer, akaweka, kimya kikatanda, akapokea hela yake. Mteja kafurahi, fundi kafurahi, na SSD ikaendelea kufa polepole bila mtu wa kuisemea.

Tatizo langu si kimya peke yake. noaer haifichi mistari tu. Inaiondoa kazini sehemu nzima ya kerneli inayopokea makosa ya PCIe, na hiyo ndiyo hiyo ambayo kosa likiwa zito hujaribu kuokoa jahazi: inaiarifu draiva, inakianzisha kiungo upya, inairudisha draiva kazini. Ukishaizima, siku kosa kubwa likija hakuna wa kupiga kelele wala wa kuokoa. Ni kama mlinzi anayekusumbua usiku kwa kubisha hodi kila akisikia kishindo, nawe badala ya kutoka nje na tochi ukamfukuza kazi.

Halafu kuna hilo neno "Corrected". Nimeshabishana na watu wazima, wenye vyeti ukutani, wanaoniambia "si imeshajirekebisha, sasa shida iko wapi?" Shida ni kwamba kilichorekebishwa ni pakiti moja. Ilifika imeharibika, upande wa pili ukaikataa, ikatumwa tena, ikafika. Daladala ambayo gia inaingia mara ya tatu nayo imejirekebisha. Wewe panda tu.

Basi, nikaanza upya. Logi za siku ya tukio hazikuwepo, na zisingekuwepo, maana diski iliyotakiwa kuzihifadhi ndiyo iliyopotea. Nikabuti kwa flashi yenye kerneli ya 6.1 kama yake, bila noaer, nikaiacha nusu saa huku nikisoma aer_dev_correctable ya ile SSD, kihesabio cha makosa yaliyorekebishwa. Sifuri. Nikakopi mafaili makubwa. Sifuri. Nikaanza kujiona mjinga. Nikafunga kifuniko, nikafungua, nikasoma tena: RxErr, yaani makosa ya kupokea, 4. Nikahesabu kumi kidogo kidogo: RxErr 31.

Hapo nikajua siwindi diski mbovu. Nawinda usingizi.

Nikachukua lspci -vv, amri inayoorodhesha mipangilio ya kila kifaa cha PCIe, ya kabla ya kulala na ya baada ya kuamka, nikazilinganisha mstari kwa mstari. Kabla: mlango wa juu (upande wa ubao mama ambako SSD inaunganishwa) na SSD wote wamekubaliana, L1.2, usingizi mzito wa kiungo wa kuokoa umeme, imewashwa pande zote. Baada: mlango wa juu bado L1.2 imewashwa, SSD imezimwa, na T_PwrOn, muda wa kungoja wakati wa kuamka, umebadilika. Yaani hawa wawili walilala wakiwa na mkataba, wakaamka mmoja anaukumbuka na mwenzake kausahau. Na L1.2 si hali ya kufanyia mzaha. Humo hata saa ya rejea inasimamishwa na volteji ya waya inaachwa ishuke, kwa hiyo kuamka kunahitaji kila upande ujue amngoje mwenzake kiasi gani. Anayewahi anazungumza na waya ambao haujatulia, na maneno yanafika yamevunjikavunjika. Ndiyo hizo RxErr.

Nikaandika sifuri kwenye link/l1_2_aspm, swichi ya L1.2 ya SSD hiyo. Kimya. Kimya cha kweli safari hii, mlinzi akiwa getini.

Lakini nilitaka kuliona lile kosa kubwa lenyewe, lililokula hesabu. Nikarudisha L1.2, nikaweka rtcwake, amri ya kulaza mashine na kuiamsha kwa saa, izungushe: lala sekunde ishirini, amka, soma diski, lala tena. Nikaenda kula. Kwenye mzunguko wa kumi na saba likanaswa: "controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff". CSTS ni rejista, kisanduku kidogo ndani ya SSD ambamo draiva inasoma hali yake.

Hiyo 0xffffffff iangalieni vizuri, maana ndiyo imenipotezea usiku mwingi kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Si thamani ya rejista. Ni sauti ya mtu asiyekuwepo. Prosesa imeuliza swali kwenye basi, hakuna aliyejibu, na kwenye kompyuta zetu hizi za kawaida kazi ya kutunga jibu inaangukia mlango wa juu: biti zote moja. Draiva isiyojihadhari inaipokea kama ukweli. Ikiuliza "kuna intarapti zipi zinasubiri?" inaambiwa zote. "Kuna hitilafu?" Zote. "Uko tayari?" Ndiyo, tayari sana. Nimewahi kuona draiva ya kadi ya mtandao ikizunguka milele kwa sababu ilikuwa inangoja biti moja ishuke sifuri, na kwenye kifaa kilichokwisha kuondoka hakuna biti inayoshuka. Draiva ya NVIDIA ina ujumbe wake maarufu kwamba GPU imeanguka kutoka kwenye basi, na kila nikiusoma namwona kondakta wa Mbagala ananing'inia mlangoni. Lakini angalau wao wanasema. Wengine wanaendelea kumdai nauli abiria aliyeshuka vituo vitatu nyuma.

Msiwakimbilie walioandika kerneli kwa matusi, ingawa mimi nilianza na hayo. Kuhifadhi mipangilio ya L1.2 kabla ya kulala na kuirudisha baada ya kuamka kunasikika kama kazi ya mistari kumi. Kiraka kiliingia kwenye maandalizi ya kerneli ya 5.11, toleo la mwaka 2021. Kikaondolewa, kwa sababu kuna diski zilizomwaga makosa mfululizo baada ya kuamka. Kikarudi 6.1. Kikaondolewa tena mwanzoni mwa 2023, safari hii kwa sababu mashine za watu wengine zilishindwa kuamka, ndiyo maana 6.1 ya binamu haikuwa nacho. Kimekuja kutulia 6.9, mwaka 2024. Kwa nini ugumu wote huo? Kwa sababu ya utaratibu ambao bibi yangu angeuelewa bila kusoma ukurasa mmoja: mtoto hulala kwanza, mzazi huamka kwanza. Kwenye kuwasha, mlango wa juu hutangulia. Kwenye kuzima, kifaa cha chini hutangulia. Na L1 yenyewe, usingizi mkubwa ambao L1.2 imo ndani yake, lazima iwe imezimwa wakati unagusa hali ndogo zilizo ndani yake. Ukimrudishia kila mmoja mipangilio yake kwa wakati wake mwenyewe, bila kumtazama mwenzake, umewaamsha watu wawili usiku kwenye chumba kimoja bila taa. Toleo lililokaa linawashughulikia mzazi na mtoto kwa pamoja. Miaka mitatu, kwa ajili ya mpangilio wa nani atangulie.

Nikamwekea binamu kerneli ya 6.12. Milalo arobaini, RxErr sifuri, L1.2 imewashwa pande zote mbili na T_PwrOn ileile ya kabla ya kulala.

Najua mtakachosema. "Si ungeweka tu pcie_aspm=off?" Hii nayo naipenda sana. (ASPM ndiyo mfumo mzima wa kuokoa umeme kwenye viungo vya PCIe, na L1.2 imo humo.) Someni maelezo ya kerneli yenyewe: off maana yake kerneli isiguse chochote, iache kama BIOS ilivyopanga. BIOS ikiwa imewasha L1.2, umeiacha imewashwa, na sasa umemzuia hata yule ambaye angeizima. Mkitaka kuzima kweli kuna pcie_aspm.policy=performance. Lakini kwa nini uzime? Binamu anaishi sehemu ambayo umeme ukikatika saa mbili usiku hujui utarudi saa ngapi, na betri ya laptopu ya mtumba tayari inakohoa. Kuokoa umeme kwake si pambo.

Sawa, nakubali kitu kimoja, tena kwa shingo upande. Mistari ikifurika kiasi kwamba huwezi hata kuandika amri, weka noaer kwa buti moja upate kupumua. Moja. Na kuna vifaa ambavyo kweli L1.2 yao ni mbovu tangu kiwandani, hata uipange vipi. Ukikuta kifaa kama hicho kizimie L1.2, kwenye kifaa hicho tu, na uandike mahali ili atakayekuja baada yako ajue.

Kwenye ARM, prosesa za simu na bodi ndogo, hadithi ni nyingine na mimi naiona ya kiungwana zaidi: ukigusa rejista ya kifaa ambacho saa yake imezimwa, kuna bodi zisizokutungia jibu, zinakupiga "external abort", yaani kosa la wazi, palepale. Isipokuwa aina ile inayochelewa, ambapo andiko limeshatumwa, prosesa imeshaendelea na safari, na kosa linarudi kumkamata draiva jirani asiye na hatia. Hiyo ina makala yake.

Na kwa kuwa nimewasema mafundi, niseme na langu. Zamani nilikuwa natafuta laptopu yangu inakwama wapi inapoamka, nikawasha pm_trace, ile hila aliyoiandika Linus Torvalds mwaka 2006: kila hatua ya kuamka inaacha alama yake ndani ya saa ya mashine, kwa sababu ndiyo kumbukumbu pekee inayosalia ukibonyeza kitufe. Kesho yake nikaona tarehe imeruka miaka. Nikaenda mjini, nikanunua betri mpya ya saa, nikafungua laptopu nzima, nikaibadilisha. Tarehe ikaruka tena. Ile betri ya zamani, nzima kabisa, ninayo mpaka leo kwenye droo.

Hesabu za vicoba tumezirudisha kutoka kwenye daftari la karatasi, Jumatatu na Jumanne, yeye anasoma mimi naandika. Fundi nilimpigia. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Lakini bro, ilikuwa imenyamaza, au sivyo?"

Juzi nilipoikagua tena, kadi ya waifai nayo ilikuwa na BadDLLP mbili, pakiti za usimamizi wa kiungo zilizofika zimeharibika. Nimeziandika tarehe na saa. Jumamosi umeme ukiwepo nitaanza na mlango wake wa juu.